TAHADHARI: Ukikuta moteri ya pikapu ina joto, usitoe avansi (malipo ya kwanza)

Ndugu mnaotafuta pikapu kuukuu hapa Bukavu, hasa Hilux za mazutu (dizeli) zenye moteri ya 2L, 3L au 5L na zile za esansi (petroli) zenye 22R, someni hii kabla ya kuhesabu dola mbele ya komisionere (dalali).

Moteri inayokula mafuta (oili yake ya kulainisha, si mazutu wala esansi) hujisema yenyewe hasa wakati mmoja wa siku: inapowashwa asubuhi baada ya kulala usiku kucha. Muuzaji anajua hilo kuliko wewe. Ndiyo maana unaambiwa uje saa nne, na pikapu imeshawashwa tangu saa mbili, imezungushwa mtaani, imemaliza moshi wake machoni pa majirani. Ukifika inashika mara moja, bomba safi, komisionere anapiga makofi kwenye kapo (boneti).

Dawa yake: kubali saa nne, halafu fika saa kumi na mbili. Usiombe ufunguo kwanza. Fungua kapo, gusa ubavu wa kulasi (kichwa cha moteri) na mpira wa juu wa radiateri. Kukiwa na uvuguvugu wowote, aga kwa heshima urudi siku nyingine. Maelezo ya kwamba "nilikuwa naitoa tu njiani" yasikuyumbishe. Gari la kuuzwa halina safari alfajiri.

Ikiwa baridi kweli, simama nyuma, mwenzako awashe. Kwa mazutu asubiri taa ya buji za kupasha moto izimike. Hapo macho na pua vifanye kazi pamoja, maana hapa ndipo wengi hudanganywa kwa neno moja: "mazutu yote hutoa moshi asubuhi." Ni kweli nusu. Mvuke mweupe unaotoweka hewani mara moja ni maji tu, na asubuhi za huku ni za baridi. Weupe mzito unaochoma macho na kunuka mazutu mabichi ni buji zilizokufa, sindano mbovu, au kompresio (nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda) iliyoshuka. Weupe usiokwisha hata moteri ikipata moto, wenye harufu tamu, huku radiateri ikipungua maji, ni gasketi ya kulasi. Mweusi ni mazutu mengi kuliko hewa; 3L isiyo na turbo ikipanda mlima wa Ngomo na mzigo itatoa mweusi hata ikiwa nzima, kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi. Ule wa kuogopa ni wa bluu, unaoning'inia chini bila kupanda haraka, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua kwenye kikaango.

Bluu nao una aina mbili, na bei za kuitengeneza ziko mbalimbali kama Kadutu mlimani na ziwa chini. Ukitoka kwa nguvu wakati wa kuwasha kisha ukakoma ndani ya dakika moja, shuku mipira ya supapu: usiku mafuta yameteleza polepole kwenye shina la supapu yakakaa juu ya pistoni. Acha moteri isinzie (izunguke polepole bila kukanyagwa) dakika tatu, kisha kanyaga ghafla. Wingu likitoka mara moja halafu likaisha, ni ushahidi wa pili. Ukiendelea moteri ikiwa moto, na ukazidi kila unapokanyaga, hizo ni segma (pete za pistoni) au silinda yenyewe imelika. Penye turbo, kama 2L-T, kuna mshukiwa wa tatu: vua mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo. Utando mwembamba wa mafuta si kitu. Dimbwi ni tatizo.

Kwa 22R, mteremko wa Kadutu ni fundi wa bure. Shuka ukiwa gia ya pili, mguu nje ya esansi, kisha chini kabisa kanyaga. Kufunga kwa esansi huzalisha mvuto mkali unaonyonya mafuta kupitia mipira ya supapu, na wingu la bluu litaonekana kwenye kioo. Kwa mazutu kipimo hiki hakina nguvu hivyo, kwani moteri nyingi za mazutu hazina kilango cha kuziba hewa.

Sasa ujanja wa kopo. Ukikosa moshi bado usishangilie. Kuna dawa nzito kama asali inayomiminwa kwenye mafuta ili yawe mazito yasipite kwenye segma. Wengine huchanganya mafuta ya giaboksi SAE 140. Moshi hupungua kwa siku chache, basi. Joto na msuguano vikishaivunja dawa, unabaki na moteri ileile na pesa zimeshaondoka. Na katika siku hizo chache mafuta mazito huchelewa kufika juu kwenye kamshafti (shafti inayofungua supapu) na kwenye turbo kila asubuhi, kwa hiyo unauziwa ugonjwa na jeraha juu yake.

Kulitambua si kazi. Vuta jauji (kijiti cha kupimia mafuta) moteri ikiwa baridi, weka tone kati ya vidole viwili, vitenganishe. Mafuta ya kawaida, tuseme 15W-40, hukatika. Yenye dawa huvutika kama dongodongo (bamia). Yanusishe pia: ya giaboksi yana harufu ya kiberiti. Na kwa moteri ya mazutu, mafuta ya rangi ya asali maana yake yamebadilishwa jana au leo, kwani hugeuka meusi mapema sana. Kubadilisha mafuta si dhambi, lakini kunafuta ushahidi wa kiasi kilichokuwa kimebaki.

Angalia vilevile mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha supapu. Kiwandani huenda kwenye njia ya hewa. Ukiukuta umechomolewa na kuelekezwa chini kwenye chasisi, mtu alichoka kuona mafuta yakirudi kuungua. Moteri ikiwa inasinzia, legeza kifuniko cha kumiminia mafuta ukiweke juu chini. Kikitetemeka kidogo kwa mazutu, sawa. Kikiruka, gesi inapita segma kwa wingi.

Kidole kwenye bomba la moshi: masizi makavu ni kawaida, tope jeusi lenye grisi si kawaida. Bomba lililopakwa rangi mpya kwenye gari la miaka thelathini, jiulize ni la harusi ya nani.

Gari likipita yote hayo, lipa fundi wako, si yule anayeletwa na komisionere, apime kompresio. Kwa mazutu atumie kipimo chenye uwezo huo, achomoe waya wa kukata mazutu kwenye pompa, na buji zote zitoke. Kitabu cha Toyota kinaipa 2L na 3L kilo 32 kwa sentimita mraba, kikomo cha chini 20, tofauti kati ya silinda isizidi 5. Kwa 22R ni 12, kikomo 10, tofauti 1, na esansi ikanyagwe mpaka mwisho wakati wa kupima. Lakini Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni takriban asilimia 85 ya lile la pwani. Kwa hiyo huku 32 husomeka kama 27, na kikomo cha 20 kinakuwa 17. Muuzaji atakuambia "ni hewa ya Bukavu" hata silinda moja ikiwa 15 na jirani yake 26. Hewa ya milima hushusha silinda zote sawasawa, haichagui moja.

Kumimina kijiko cha mafuta (mililita 15) ndani ya silinda na kupima tena kunafaa kwa esansi tu: namba ikipanda sana ni segma, ikikaa palepale ni supapu. Kwa mazutu usikubali. Nafasi ya mwako ni ndogo mno, namba itapanda hata segma zikiwa nzima, na mafuta yakizidi yanaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Ahadi nyingine ya kuogopa ni "utabadilisha segma tu." Segma mpya ndani ya silinda iliyolika na kuwa yai hazikai. Kazi ya kweli ni kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi, kwa milimita 0.50 au 1.00. Ikiwa ni mipira ya supapu peke yake, moteri hizi zina supapu nane, kwa hiyo mipira nane. Ya kuingiza na ya kutoa mara nyingi hutofautiana rangi na haibadilishani. Shina likicheza ndani ya njia yake, mipira mipya itavuja tena, kwa hiyo fundi alitikise kabla ya kufunga.

Moteri ya mazutu yenye gesi nyingi kwenye sehemu ya chini yenye mafuta ina hatari moja zaidi: inaweza kunyonya mafuta yake yenyewe na kukimbia bila kuzimika kwa ufunguo. Likitokea kwenye majaribio, ziba njia ya hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono, au tia gia ya juu, shika breki na uachie klachi.

Mliokwisha nunua: mwageni yale mafuta mazito pamoja na filtri, wekeni 15W-40, simamisheni gari mahali tambarare (huku kwetu patafute kweli), jazeni mpaka alama ya juu. Nendeni Kavumu na kurudi mara mbili, kama kilomita 120, mpime tena palepale asubuhi. Kitabu kinavumilia lita 1 kwa kilomita 1,000, kwa hiyo safari hiyo isile zaidi ya mililita 120. Zikizidi, ndipo mfungue moteri, si kabla.