Miwani ya VR kusomea anatomi, uzoefu wangu baada ya kula sapu

Nasoma utabibu hapa Mbeya, mwaka wa kwanza, na anatomi, somo la maumbile ya mwili, ilinipa sapu, yaani mtihani wa marudio, sioni aibu kusema. Kilichoniua ni moyo. Kitabuni karibu kila mchoro ni wa mbele, basi mi sura ya mbele naijua kama picha ya kitambulisho, ukiniuliza nyuma kuna nini natoa macho. Binamu yangu ana miwani ya VR, ile ukivaa unaona picha za kompyuta zimekuzunguka, anachezea gemu, nikamuomba wiki tatu nikapakua programu ya anatomi, bando likaisha siku hiyohiyo maana faili ni kubwa balaa.

Aisee. Moyo unasimama katikati ya geto, unauzunguka kwa miguu yako mwenyewe, na kule nyuma nikakuta atriamu ya kushoto, chumba cha juu cha moyo, imekaa mgongoni kabisa, umio unapita hapohapo nyuma yake. Ndo nikaelewa kwa nini mtu ambaye vali yake ya mitrali, mlango wa kutokea atriamu hiyo, imebana, ile atriamu ikitanuka sana anaweza kupata shida kumeza, kitu nilichokuwa nakariri kama kasuku. Halafu nikapunguza spidi ya mapigo, nikaona ule mlio wa kwanza, lab, ni vali mbili za kati ya atriamu na ventrikali (vyumba vya chini) zinajifunga, dab ni zile za kwenye mishipa mikubwa miwili inayotoka. Nilirudia weee mpaka mwenzangu wa chumba akadhani nimerukwa na akili, napapasa hewa.

Ubaya sasa. Baridi ya Uyole ya Julai lenzi zinapiga ukungu, dakika arobaini tu kichefuchefu, betri masaa mawili kwisha na umeme ukikatika ndo basi tena. Kabati nimeligonga mara mbili, geto lenyewe dogo.

Ila kubwa zaidi, unachogusa ni hewa. Nilienda bucha Mwanjelwa nikachukua moyo wa ng'ombe nikaupasua kwa kisu cha jikoni, ukuta wa ventrikali ya kushoto ulivyo mnene ukilinganisha na wa kulia utashangaa, na zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali uzivute uone, hazikatiki kirahisi. Kwenye miwani zimechorwa safi sana ila ugumu wake huujui. (Jioni tuliukaanga tukala na ndizi za Tukuyu.)

Kununua yangu peke yangu kwa hela ya bumu, ile ya mkopo wa chuo, hapana, labda tuchange wanne. Sapu nilitoka. Bado mishipa ya fahamu ya begani, hiyo namsubiri binamu aje likizo.