Kizimba cha chuma cha bata: nimekitumia Nyamasaria, haya ndiyo niliyoyaona

Bei kwanza, maana najua ndiyo inayotafutwa. Fundi nilimlipa shilingi 11,000, vyuma na mabati vikiwa ndani ya hesabu hiyo. Waya nilijinunulia mwenyewe sokoni Kibuye, ukanila kama 5,000. Weka na mkokoteni wa kukifikisha nyumbani, unakaribia 17,000 kwa kizimba cha kulaza bata sita. Bata mkubwa huku kwetu Kisumu anauzwa elfu moja na kitu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya haraka utasema nimetupa pesa. Shemeji yangu alisema hivyo hivyo. Lakini mtu aliyewahi kupoteza bata anayelalia, wiki ya nne, pamoja na mayai yote, hahesabu kwa bei ya soko.

Nakaa Nyamasaria, si mbali na mto, kwenye ule udongo mweusi wa Kano unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania gamboti mvua ikinyesha. Mto unawapa bata wangu raha na unaniletea kenge. Kenge ndiye mwizi mkuu hapa. Anaogelea, anapanda, anachimba, na hutembea mchana kweupe jua likiwaka. Yai hulimeza zima, kwa hiyo ukikuta kiota kitupu bila hata ganda, mshuku yeye au nyoka kabla ya kumgombeza mtoto wa jirani. Nguchiro naye wengi wao ni wa mchana, ingawa yupo yule mkubwa mwenye mkia mweupe ambaye hutoka usiku. Usiku kuna kanu, yule mnyama wa madoa anayefanana na paka mwembamba, kuna paka waliogeuka wa porini, na kuna mbwa wasio na mwenyewe, ambao kwa maoni yangu wanamaliza mifugo mingi mtaani kuliko wanyama wote wa mwituni wakiwekwa pamoja. Angani yuko mwewe. Bata mzima hamwezi, ila kifaranga humzoa mama yake akiwa hapo hapo anapiga kelele.

Na bata ni mnyonge kuliko kuku kwa jambo moja: jioni kuku hutafuta mahali pa juu, bata wengi hulala chini giza linapowakuta. Pekin, wale weupe wazito, hata kuruka hawawezi. Hawa wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni wana mabawa kiasi, lakini jike akishaanza kulalia haondoki, na yeye hulalia kama siku 35 wakati kuku ni 21 tu. Siku zote hizo yuko chini, mahali pamoja, harufu ile ile. Mwindaji gani atamkosa?

Boma tulilolikuta hapa nyumbani lilikuwa la waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Waya ule kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa huuchana kwa meno. Kanu wala hana haja ya kuuchana: huingiza mkono kwenye tundu, humshika bata aliyelala kuegemea ukuta, humvuta kidogo kidogo. Ukikuta bata amekufa ndani, mlango umefungwa vizuri, kichwa au bawa halipo, usitafute shimo. Kilichokosekana kilitolewa kupitia tundu.

Kwa hiyo nilipoenda Kibuye nilitaka waya wa kahawa, ule wa trei za kukaushia kahawa, matundu ya nusu inchi, na uwe umechomelewa kila nyuzi zinapokutana. Kuna ule uliosokotwa tu, ni wa bei nafuu, ukivuta uzi mmoja unafunguka wote. Uvute dukani mbele ya muuzaji, hatakasirika. Akikasirika, nenda duka la pili.

Kizimba chenyewe ni futi sita kwa nne, kimo futi tatu, fremu ya tyubu ya mraba ya inchi moja, mabati juu yakiwa na mteremko, mlango upande mfupi. Chini hakina sakafu. Badala yake niliomba waya utandazwe nje kuzunguka pande zote, upana wa futi mbili, ulale juu ya ardhi. Hapo ndipo fundi alipoacha kazi akanitazama.

"Mama, hii ni nyumba ya bata ama unafuga simba?"

Nikamwambia simba ningemfungia kwa kamba, hajui kuchimba. Alicheka, lakini aliifanya, na hiyo sketi ya waya ndiyo kitu kilichonifanya niandike haya yote. Watu wengi huambiwa wazike waya futi moja chini ya ardhi. Ni kweli inafanya kazi, ila kwenye udongo wetu mweusi kuchimba mtaro kiangazi ni adhabu, na mvua ikija udongo unavimba na kukuinulia waya juu. Ukiutandaza tu na kuubana kwa mawe, majani huota ndani yake na baada ya msimu mmoja huuoni tena.

Niliwahi kuutazama ukifanya kazi. Mchana mmoja nikiwa naanika nguo, kenge alitoka upande wa migomba, mrefu kunishinda mkono, ulimi unatoka na kuingia. Ndani kulikuwa na bata mmoja anayelalia. Kenge alifuata ukuta, pua imegusa waya, akazunguka kona zote nne. Kisha akaanza kuchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi, kucha zikakwaruza waya. Akahama kidogo, akajaribu tena, waya. Akahama tena. Hakuwahi kurudi nyuma futi mbili akaanzia pembeni ya sketi, na hiyo ndiyo siri yenyewe: mnyama anayechimba huchimba kwenye ukuta, hajui kupiga hatua nyuma. Alikaa pale muda mrefu tu, bata akimzomea kutoka ndani bila kuinuka kwenye mayai, mpaka mbwa wa jirani alipobweka ndipo akaondoka zake taratibu kuelekea mtoni.

Sasa malalamiko, maana yapo. Karakana sitaitaja, ni moja kati ya zile nyingi mjini, na sidhani nyingine zingefanya tofauti. Kwanza, waliahidi Ijumaa, wakaleta wiki iliyofuata. Hilo tumelizoea. Pili, mlango ulikuja na pengo chini linaloingiza vidole vitatu. Kwa bata ni sawa, kwa nguchiro mdogo ni mlango wa mbele, na panya hahitaji hata nusu ya hapo. Walirudi wakaweka bamba la chuma, bila malipo, nashukuru. Tatu, walifunga mlango kwa kikulabu, kile cha kuangusha kwenye pete. Mbwa akisukuma mlango kwa pua mara mbili tatu kikulabu kinaruka chenyewe. Nilinunua komeo na kufuli ndogo, na kufuli hiyo inanilinda pia dhidi ya mwindaji wa miguu miwili, ambaye Desemba ikikaribia huwa hodari kuliko kanu.

Nne, na hili ndilo lililoniuma: waliuchomelea waya moja kwa moja kwenye fremu. Moto huunguza ile zinki, na palipoungua ndipo kutu huanza. Msimu wa kwanza wa mvua nyingi nikaona madoa ya rangi ya chai kila palipochomelewa. Nimepaka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, inashikilia, lakini ningejua ningewaambia waubane waya kwa vipande vya bapa na skurubu. Kwa sababu ya hili nakipa nyota nne, si tano.

Mtaniuliza kuhusu zile taa za sola zinazomweka nyekundu usiku, zinazouzwa mtandaoni kwa picha ya mbweha anayekimbia. Nilizinunua pia. Wazo lake si la kipuuzi, sisi Wakenya tunalijua vizuri: Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akilinda ng'ombe wa kwao karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alitengeneza taa za kumwekamweka kuwafukuza simba, na mwaka 2013 akaenda kulieleza jambo hilo kwenye jukwaa la hotuba la TED. Lakini zake zilimweka kwa kupokezana kuzunguka boma, ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Hizi za mtandaoni zinamweka mahali pamoja, usiku kucha, kwa mpigo ule ule. Paka wa hapa mwanzoni walikaa mbali. Baadaye nilimkuta mmoja amelala chini ya taa yenyewe. Na kenge, aliye wa mchana, taa ya usiku inamhusu nini? Moja imekufa betri, nyingine nimeifunga chooni.

Vivyo hivyo mlango wa kujifunga wenyewe kwa saa. Kwa wenzetu wa Ulaya nauelewa, jua lao linahamahama, leo saa kumi jioni, miezi michache baadaye saa nne usiku. Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima. Mwite mtoto, bata wanajua njia. Wangu nikipiga sufuria kwa mwiko wanaingia wenyewe kwa mstari, dume nyuma.

Asubuhi siwatoi mapema. Bata wengi hutaga kabla au mara tu baada ya kupambazuka, ukiwafungia hadi saa mbili au saa tatu mayai yanabaki ndani, yakiwa safi, badala ya kutagwa kwenye matete ambako kenge ataamkia kifungua kinywa. Hiyo peke yake imenirudishia sehemu ya gharama.

Chini naweka maganda ya mpunga kutoka viwanda vya Ahero, ni rahisi kupata, yanafyonza unyevu. Yawe makavu. Yakishika ukungu yatoe yote, kuvu humwingia bata kwenye mapafu na vifaranga ndio hufa wa kwanza. Na usifunike pande zote kwa mabati eti baridi. Baridi gani ya Kisumu? Bata anapumua unyevu mwingi na kinyesi chake ni maji matupu. Mimi nimeziba nusu ya chini tu kwa mbao upande wa kichwani, ili wasilale wakiegemea waya, juu pakabaki wazi.

Kitu ambacho kizimba hiki hakizuii hata kidogo ni siafu. Nusu inchi kwao ni barabara kuu. Mvua za masika zikianza hupita kwa safu, na bata anayelalia au vifaranga waliofungiwa ndani hawana pa kukimbilia, yaani hapo kizimba kinageuka mtego. Mama mmoja jirani yangu, mzee wa kazi hizi, humwaga jivu la moto kuzunguka kizimba chote na hulala na tochi karibu. Nami nafanya hivyo, na ufunguo wa kufuli unakaa msumarini mlangoni pa jikoni, si kwenye mkoba.

Vifaranga wana mpango wao. Mchana nawaweka kwenye uwanja mdogo mbele ya kizimba, juu nimetandika wavu mkuukuu wa uvuvi niliopewa ufukweni Dunga. Mwewe akiuona anazunguka mara moja na kwenda zake. Wavu uvutwe ukaze, ukining'inia bata mwenyewe atanasa shingo.

Na kuna wanaoniambia niweke sumu kwenye yai nimalize kazi. Sumu haichagui. Italiwa na mbwa wa jirani, na mwewe atakayekula mzoga atafuata. Isitoshe Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikupi ruhusa ya kuua mnyama wa porini upendavyo, kenge akiwemo.

Nimeshaagiza cha pili, kidogo, futi tatu kwa tatu, cha jike anayelalia peke yake. Fundi ni yule yule. Safari hii waya utabanwa kwa bapa na skurubu, komeo nimelinunua mimi, na salio nitalipa nikishapitisha vidole vyangu kwenye kila pengo.