Fundi aliyenijengea banda la kukamulia Muheza: kazi safi, ila sakafu ilinitoa machozi (na bei zote nimeweka)

Nimeshamaliza miezi 7 nakamulia kwenye banda jipya kwahiyo sasa naona naweza kusema kitu cha maana kuhusu fundi aliyelijenga na kuhusu hela zilivyoenda, mana mimi nilipokuwa nauliza bei mwanzoni kila mtu ananijibu "inategemea" halafu anakaa kimya. Mimi nataja namba. Niko Muheza, ng'ombe ninaowakamua ni 11, chotara wa Friesian na wachache wana damu ya Ayrshire, nilijenga mwezi wa 8 na wa 9 mwaka 2024, na bei zote hapa ni nilizolipa mwenyewe mkononi.

Zamani tulikuwa tunakamua humo humo wanamolala. Kiangazi unavumilia, lakini masika jamani, tope mpaka kwenye kiwele, kijana anaosha chuchu ng'ombe anapiga mkia ndoo inaingia mavi. Kituo cha maziwa wanapima, wanachanganya maziwa na spiriti kidogo, yakiganda yanarudi na wewe nyumbani. Kuna asubuhi moja nilirudishiwa lita 18, kwa bei ya 1,100 ni karibu elfu 20 imemwagika, na hiyo sio siku moja tu. Ng'ombe wawili wakapata ugonjwa wa kiwele, mmoja chuchu ya nyuma kushoto imekufa mpaka leo. Hapo ndio nikasema basi, najenga.

Fundi niliyempata ni mtu wa hapa hapa, amejenga nyumba nyingi na mabanda ya kuku, mtu mpole na hadanganyi. Alikuja akapima kwa hatua, akakaa kwenye kigoda akaandika, akaniambia "mama, milioni saba na nusu tunamaliza, mashine ya kukamulia utanunua mwenyewe." Nikafurahi sana. Kosa ni kwamba ile karatasi yake yote ilikuwa kuta, nguzo na paa. Hakuniuliza maji yatatoka wapi, wala mkojo utaenda wapi, na mimi pia sikumuuliza.

Mpaka ng'ombe wa kwanza anapanda kukamuliwa nilikuwa nimetoa 10,507,000 bila mashine. Saruji mifuko 85 kwa 17,000 ni 1,445,000, hiyo sikuumia sana mana kiwanda kipo Pongwe na mzigo unafika siku hiyo hiyo. Tofali laki 6, mchanga tripu 3 laki 4 na nusu, kokoto tripu 2 kwa 380,000 kila moja. Mabomba ya chuma ya vizimba, yeye aliandika 14 tukatumia 22, kila moja 60,000, na wa kuchomelea akachukua 450,000 yake. Mabati 36 yalikula 1,152,000, mbao na misumari 780,000. Ufundi 1,900,000. Halafu sasa vile ambavyo havikuwepo kabisa kwenye karatasi: kifusi tripu 4, 320,000. Tenki la lita 2,000 ni 480,000. Mabomba ya maji na shimo la kinyesi laki 6. Umeme 250,000. Hivyo vinne peke yake ni 1,650,000, na hakuna hata kimoja ambacho ungeweza kukikwepa, huwezi kukamulia mahali ambapo hupati maji ya kuosha.

Kuhusu kifusi nieleze kidogo. Watu wengi wanaona picha za mashamba ya nje, mkamuaji kasimama kwenye shimo na ng'ombe wako juu, wanataka shimo. Kwangu masika ukichimba futi 3 unapata maji, shimo lingekuwa kisima. Kwahiyo tukafanya kinyume, tukamwinua ng'ombe badala ya kumshusha mtu: jukwaa la sentimita 75, ukuta wa tofali pembeni, ndani kifusi kimeshindiliwa, juu zege, na ng'ombe anapanda kwa njia ya mteremko. Wanapanda wanne kwa mara moja. Kijana anakamua amesimama, kiwele kipo usawa wa kifua chake, hainami. Huyu kijana alikuwa kila mwezi analalamika mgongo, siku hizi sijamsikia.

Paa watu walinishauri makuti, ni rahisi na kuna ubaridi. Ni kweli, lakini makuti yanadondosha vumbi na wadudu, nikaweka bati nikaacha pande mbili wazi upepo upite. Sijuti.

Sifa zake fundi nazitoa bila kinyongo. Tofali zimepangwa zimenyooka, mlango wa kila kizimba unafunga kwa mkono mmoja, hakuna ncha ya bomba hata moja inayoweza kumchana ng'ombe, alipitisha kiganja chake kwenye kila kiungio na palipokwaruza akamrudisha wa kuchomelea apasage upya. Zege alilifunika magunia akawa anakuja mwenyewe asubuhi na jioni kumwagia maji siku 7, wengine wanamwagia siku mbili wanasepa. Kona za ukuta na sakafu nilimuomba aziviringe ili uchafu usikae akaziviringa vizuri kabisa.

Halafu sakafu.

Nilikuwa nimeenda Tanga mjini siku mbili, narudi namkuta anatabasamu, "mama njoo uone, nimekupigia niru hapo hata ukilamba." Niru ni ule uji wa saruji unaolainishwa juu ya sakafu. Na kweli ilikuwa inang'aa, jukwaa zima na ile njia ya kupandia, laini kama sebuleni. Mimi mwenyewe nikaisifu! Nilimshukuru na nikampa hela ya soda.

Siku ya tatu ya kukamua, Kidoti anashuka. Kidoti ni ng'ombe wangu mkubwa kuliko wote, mzito, ana baka jeupe kwenye paji. Sakafu imetoka kuoshwa ina maji. Nilisikia kwato zinakwaruza krrrr, nikageuka, miguu ya nyuma inaachana huku na huku, akakaa chini kabisa kiwele kinagusa zege, anajaribu kuinuka kila akikanyaga kwato inaenda mbele. Macho yametoka. Tulikimbia na magunia tukamtandikia chini ya miguu, vijana watatu wakamsukuma kutoka nyuma, akainuka anatetemeka. Wallahi nililia. Ng'ombe akifungua nyonga vile mara nyingi haamki tena, unaita mchinjaji.

Alhamdulillah Kidoti alipona, lakini hakutaka tena kupanda. Ukimfikisha kwenye mteremko anaweka pua chini ananusa, anarudi nyuma. Ukimlazimisha akapanda maziwa hashushi. Alikuwa ananipa lita 6 asubuhi akashuka mpaka 2 na nusu. Bwana mifugo (amesoma chuo cha mifugo cha Buhuri hapo, anajua kazi) akanieleza kwamba ng'ombe akiogopa ile homoni ya kushusha maziwa inazuiwa, na hata akiwa ametulia inafanya kazi dakika chache tu, 5 mpaka 7 hivi, kwahiyo ukimtisha mlangoni ndio umeshapoteza mkamuo mzima, na maziwa yanayobaki ndani yanamletea matatizo ya kiwele. Akaangalia sakafu akatikisa kichwa. Akasema hii ilitakiwa ichorwe mistari zege likiwa bichi.

Na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Zege likiwa bichi unachukua kipande cha nondo unakiburuza kwa kufuata ubao, mistari ya sentimita 10 kwa 10 ikatizane, kina kama sentimita 1, nusu saa umemaliza na hulipi kitu. Likishakauka ni tindo na nyundo. Vijana wawili siku 9, wanagonga mstari mmoja mmoja, vumbi, vidole vimevimba, na siku zote hizo tulirudi kukamulia kwenye tope.

Wakati wanagonga tukagundua na la pili, tukaweka mpira wa maji kupima usawa tukakuta jukwaa limelalia upande wa mkamuaji badala ya upande wa mfereji. Yaani ng'ombe akikojoa unakuja miguuni kwa kijana. Ilitakiwa ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji. Ikabidi tukate mfereji mwingine mdogo ukingoni. Marekebisho yote pamoja ni 640,000. Fundi alikuja, aliona Kidoti anavyonusa ule mteremko, akanyamaza muda mrefu, halafu akafanya kazi ya ule mfereji bila kudai ufundi, vifaa tu nilinunua mimi. Kwa hilo namheshimu. Hakukusudia, yeye kwake sakafu nzuri ni sakafu inayong'aa, hajawahi kuijengea kwato.

Mashine nisiwachoshe, ni ya ndoo mbili, inakamua wawili kwa pamoja, 4,200,000 na injini ndogo ya petroli ya akiba umeme ukikatika. Injini tumeiweka nje ya ukuta kwa ajili ya kelele. Angalia geji ya mvuto wa hewa isome kati ya 42 na 48 (kPa), mapigo ya mashine 60 kwa dakika, na mipira ya ndani ya vikombe usisubiri ipasuke ndio ubadilishe, inachubua chuchu. Zamani ng'ombe 11 masaa mawili na zaidi, sasa saa 1 na robo na kuosha vyombo juu.

Jumla kuu basi ni 15,347,000. Kama una ng'ombe watatu usijenge hiki kitu nakuomba, tengeneza kizimba kimoja tu chenye zege lililochorwa mistari, bati juu na maji karibu, inatosha kabisa. Huku kwetu Tanga ng'ombe wa maziwa wa zero grezingi (wanalishwa bandani, hawachungwi) tunao toka enzi za mradi wa Waholanzi miaka ya 80 na wengi wamesomesha watoto bila banda la milioni 15. Mimi nimeona faida kwenye maziwa yasiyorudishwa, masika haya tumeingia mwezi wa 4 na bado sijarudishiwa hata lita, na kiwele hakijaumwa tena.

Fundi nampa 7 kati ya 10. Ukuta na chuma 10, sakafu 3. Na nimemuita tena mwezi ujao aje anizegee uwanja wa kusubiria, mana pale bado ni udongo. Safari hii tumeandikiana: niru hakuna, mistari inachorwa nikiwa nimesimama pale pale, mteremko tunapima kwa mpira wa maji kabla ya kumwaga, na hela ya mwisho anaipata siku Kidoti atakapopita mara tatu sakafu ikiwa na maji. Amesaini.