TAHADHARI: Hivi "vifurushi vya Kijapani" mnavyouziwa kujifunzia lugha ni vitu vya bure au vya wizi

Matangazo yanafanana: "Kifurushi kamili cha Kijapani, kutoka sifuri hadi N3 kwa miezi mitatu, cheti juu, zimebaki nafasi chache." (N3 ni ngazi ya kati ya JLPT, mtihani wa kimataifa wa lugha ya Kijapani; N5 ndiyo ya chini kabisa.) Unatuma pesa kwa namba ya mtu binafsi, unapewa kiungo cha folda. Ndani kuna vitabu vilivyoskaniwa, faili zilezile zimerudiwa kwa majina tofauti, na sauti za toleo jingine, kwa hiyo namba za mazoezi hazioani na kitabu. Baada ya muda folda inafutwa kwa sababu ya hakimiliki, na muuzaji ameshakublok.

Hata folda ikibaki, anayeanza hatoki ukurasa wa kwanza. Viko vitabu vya kiada ambavyo kitabu kikuu ni Kijapani kitupu na maelezo ya sarufi huuzwa kando. Matapeli huweka kile kikuu peke yake.

Kabla ya kulipa chochote, omba picha ya kurasa mbili tatu za ndani. Anayeuza kitu halali hatakataa. Ukizipata, angalia haya:

Salamu こんにちは huishia na herufi は, ingawa hutamkwa "wa". Ikiandikwa こんにちわ kwenye somo la kwanza, aliyeandaa hajui anachofundisha.

Jedwali la katakana (herufi za sauti zinazotumika hasa kwa maneno ya kigeni): シ (shi) ina vistari viwili vifupi vilivyopangana kushoto, na mstari mrefu unapanda kutoka chini. ツ (tsu) vistari vyake vimesimama bega kwa bega juu, na mrefu unashuka. Majedwali ya kulipua huzibadilisha hizi, pamoja na ソ na ン.

Kanji (herufi zenye asili ya Kichina) 直 ndiyo inayowaumbua wengi. Kwa umbo la Kijapani, kushoto kuna mstari unaoshuka kisha kupinda kulia chini, kama herufi L. Ukiona chini pana mstari mlalo tu bila hiyo L, PDF imetengenezwa kwa fonti ya Kichina. Kompyuta huyahifadhi maumbo haya mawili kwa msimbo mmoja, fonti ndiyo inayoamua umbo, na mwanafunzi ataishia kukariri mwandiko usio wa Kijapani.

Halafu romaji, yaani Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kwa kurasa za mwanzo si mbaya. Kitabu kizima kikiwa romaji, achana nacho: hiragana (herufi za sauti za kuanzia) za msingi ni 46 tu, na ukikaza ni kazi ya wiki moja au mbili. Romaji ya ovyo pia humeza irabu ndefu, na おばさん (shangazi) anageuka kuwa sawa na おばあさん (bibi).

Kuhusu "orodha rasmi ya maneno ya N5": haipo. Tangu mtihani wa JLPT ulipobadilishwa mwaka 2010, waandaaji hawatoi orodha ya maneno wala kanji. Zilizopo ni makadirio ya watu, na nyingi hupatikana bila malipo.

Cheti ndicho kibaya zaidi. JLPT hufanyika Julai na Desemba (sehemu nyingine mara moja tu kwa mwaka), na usajili ni kwa mwandaaji rasmi wa nchi unakofanyia mtihani. Cheti cha muuzaji ni karatasi. Akikwambia N5 inakufungulia viza ya kazi ya "ujuzi maalumu", anakudanganya: kwa kawaida inayotakiwa kwa lugha ni angalau N4, au kufaulu JFT-Basic (mtihani mwingine wa Kijapani), na bado kuna mtihani wa ujuzi wenyewe.

Wengine hutuma "programu ya kujifunzia" kama faili la APK (faili la kusakinisha programu kwenye Android) nje ya duka rasmi. Ikiomba ruhusa ya kusoma SMS, inazitaka zile namba za uthibitisho za benki. Usiisakinishe.

Sasa vya bure. Irodori ya Japan Foundation: PDF na sauti, unapakua kwenye tovuti yao, anza na ngazi ya Starter. Minato, ya haohao, ina kozi za kujisomea. NHK WORLD-JAPAN imetoa masomo ya Kijapani yenye maelezo kwa Kiswahili. Maswali ya mfano ya JLPT yapo jlpt.jp. Kadi za kukariri: Anki ni bure kwenye kompyuta na Android; kwenye iPhone ile rasmi, AnkiMobile, inalipiwa, na kuna nyingine zinazoigiza jina. Kamusi: Jisho.

Kama umeshalipa, piga picha za skrini za mazungumzo na risiti kabla hajafuta ujumbe, kisha wasiliana na benki au mtandao uliotumia siku hiyohiyo, uombe muamala uzuiwe au urudishwe. Kama ulisakinisha ile APK, iondoe na ubadilishe nywila ukitumia kifaa kingine. Na atakayekufuata baadaye akidai anaweza kukurudishia pesa zako kwa "ada ndogo", mara nyingi ni yuleyule au mwenzake.