Windows, Mac na Linux katika duka moja: uzoefu wangu Mwembe Tayari, Mombasa

Dukani kwangu tunachapisha, tunaskani, na usiku tunahariri video za arusi. Kompyuta ziko tatu na kila moja ina mfumo wake: Windows 11, macOS na Linux Mint. Vijana wakiniuliza upi bora, mimi huangalia kwanza wamekuja na kazi gani mkononi.

Linux iliingia kwa kulazimika. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ile kompyuta ya zamani haistahiki Windows 11: haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa yake haimo katika orodha inayokubaliwa. RAM ni GB 4. Nikaitia Mint, sikutoa hata ndururu. Menyu iko kona ileile ya chini kushoto, kwa hivyo mteja huketi, akaandika barua yake ya kuomba kazi, akalipa akaenda zake, wala hajui ametumia nini.

Ninapoipendea zaidi ni kwenye flashi. Flashi za wateja zimezunguka saiba zote za mji, na nyingi zina virusi vile vinavyoficha folda na kuacha shotikati mahali pake. Mtu aja jasho linamtoka: "Bwana, kazi yangu yote imefutika!" Naichomeka kwenye Mint, folda zake hizi hapa zimejaa tele, na kando yake faili za virusi, za .exe na .lnk, zimelala tu. Zimetengenezewa Windows, huku hazina wa kuziamsha.

Lakini ustadh akija na mtihani wa madrasa, simpeleki huko. LibreOffice, programu ya ofisi tunayotumia kwenye Mint, hufungua faili za Word vizuri, na penye fonti ya Calibri huweka Carlito yenye upana uleule wa herufi, mistari isihame. Traditional Arabic, ambayo ni fonti ya Microsoft, haimo. Ikibadilishwa na nyingine, irabu zinabanana na swali la mwisho linarukia ukurasa mwingine. "Njoo hapa kwenye Windows, ustadh," namwambia, yamekwisha. Wahasibu wenye Excel za makro, zile amri za kujiendesha, nao huketi hapohapo.

Windows sina mengi ya kuisema, kila mtu anaijua. Ukitumia bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie kuwa intaneti hiyo ni ya kupimiwa (metered connection), la sivyo masasisho yatakula bando kabla hujachapisha ukurasa mmoja.

Mac ni MacBook Air ya chipu ya M1, mtumba. Haina feni kabisa, na kwa joto la hapa nilikuwa na wasiwasi, ila stima ikipotea usiku mimi naendelea kukata video kwa betri yake huku jirani ashafunga. Kero ziko kwenye mambo madogo. Ukibonyeza kile kitufe chekundu, dirisha linafungika lakini programu nyingi zinabaki wazi. Kijana wangu huacha kumi zinaendelea. Kuhamisha faili, Command+X haisaidii: unanakili kwa Command+C, halafu Option+Command+V.

Kubwa zaidi ni diski za nje. Ndugu wa bwana arusi huleta diski iliyofomatiwa NTFS, fomati ya Windows, anataka video irudi humohumo. Mac inaisoma bila taabu, ila kuandika ndani haiandiki mpaka uweke programu ya ziada. Kijana alitaka kuifomati upya. Nikamshika mkono: mle ndani mna kupamba, nikahi na kombe la bibi arusi, vyote! Sasa tuna diski yetu ya exFAT ya kuvushia, maana hiyo mifumo yote mitatu inaisoma na kuiandika.

Nikiongeza kompyuta ya nne itakuwa ya Windows. Printa yetu ya stika ina draiva ya Windows tu, na stika za mitungi ya achari na vifurushi vya viungo ndizo zinazolipa kodi ya duka.