Sanamu za ushabti, dukani Makoroboi: kalibu safi, rangi imelipuliwa

Mwalimu wa historia anayetafuta kitu cha kuwapa wanafunzi washike, hizi ushabti, yaani sanamu ndogo ambazo Wamisri wa kale walizika pamoja na maiti, zinazouzwa kwenye duka moja la vinyago karibu na Makoroboi, Mwanza, anunue, ila ajue anachonunua. Ni nakala za plasta, kimo cha shubiri hivi, shilingi 25,000 moja.

Aliyetengeneza kalibu alizitazama za kale kwa makini. Mikono imekunjwa kifuani, kila mmoja na jembe lake, na ukiigeuza unakuta kifuko cha mbegu kimening'inia mgongoni. Nakala nyingi nilizowahi kuona hazina kifuko hicho, nami naona ni kosa kubwa, maana ushabti ni mfanyakazi. Wamisri waliamini ahera nako kuna kulima, kumwagilia na kusomba mchanga, marehemu akiitwa kazini, sanamu iitike kwa niaba yake: "Nipo." Maneno hayo ni ya sura ya 6 ya Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa maneno ya kumsaidia marehemu ahera, na yaliandikwa kwenye miili ya sanamu nyingi. Kaburini mwa Farao Tutankhamun zilikutwa 413: wafanyakazi 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, waliobaki wanyapara. Wanafunzi wangu, ambao kulima mpunga wanakujua kwa migongo yao, hapo walianza kuuliza maswali mfululizo.

Sasa rangi. Muuzaji aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni faiensi orijino." Hapana, kaka. Faiensi ni kauri inayong'aa; kuitengeneza, Wamisri walisaga jiwe la kwatsi au mchanga, wakachanganya na chokaa kidogo, magadi na shaba. Donge likikauka, chumvi hupanda na kutanda juu. Likichomwa, chumvi hizo huyeyuka zikawa kioo cha buluu kilichoshikana na mwili wa sanamu. Ndiyo maana ushabti za Farao Seti wa Kwanza, zilizotoka kwenye kaburi alilolifungua mvumbuzi Mwitaliano Belzoni mwaka 1817, bado zinang'aa baada ya zaidi ya miaka 3,200. Hii yangu ni rangi ya kupaka, na puani imeshabanduka kwa jasho la mikono ya darasa moja. Kuuza plasta kwa jina la faiensi ni kumdanganya mteja, na nilimwambia hivyo. Alipunguza hadi 20,000, bei ambayo naiona ya haki.

Nimemwomba aagize na mnyapara, yule mwenye mjeledi. Akimleta, nanunua.