Mpiga kinanda wa harusi ya mdogo wangu, Jinja

Katika maandalizi ya harusi ya mdogo wangu hapa Jinja, ukumbi, mapambo na picha vililipiwa arubuni miezi minne kabla, ilhali mpiga kinanda tulimkumbuka zikiwa zimebaki wiki tatu. Wa kwanza tuliyeafikiana naye alipokea arubuni, akakosa mazoezi mara mbili, kisha akaacha kushika simu. Wa pili tulielekezwa kwake na mwanakwaya wa Namirembe, Kampala, ambako kanisa kuu lina kinanda cha mabomba, na huyo ndiye ninayemwandikia tathmini hii.

Jumanne ya juma la harusi alipanda teksi kutoka Kampala, akaja moja kwa moja kanisani kukiona kinanda chenyewe. Aligusa kibao kimoja baada ya kingine, akagundua kwamba viwili vya upande wa kushoto vinanata, kisha akaomba afunuliwe pia kile kinanda cha zamani cha kukanyaga, kinachopulizwa hewa kwa miguu bila umeme, kilichokuwa kimefunikwa kitambaa karibu na mimbari. Baada ya hapo alitembea mwenyewe kutoka madhabahuni hadi mlangoni kwa mwendo wa maharusi, akihesabu hatua. Alitueleza kwamba yale maandamano (muziki wa mwendo wa harusi) ya mtunzi Mjerumani Mendelssohn ya mwaka 1842, ambayo maharusi wengi hutoka nayo kanisani, yakipigwa yote huchukua dakika tano hivi, na njia ya kanisa letu humalizika mapema zaidi; hivyo akachagua siku hiyohiyo mahali pa kuyakatia bila kuumiza muziki.

Jumamosi, maharusi na mashahidi wakiwa wanatia sahihi, umeme ulikatika. Kinanda cha umeme kilinyamaza katikati ya ubeti. Aliinuka bila haraka, akaketi kwenye kile cha kukanyaga, akaendelea kutoka pale pale kwaya ilipokuwa imefikia. Sauti ya kinanda hicho ni ndogo na ina mkwaruzo kidogo, lakini kanisa zima lilitulia kuisikiliza, hata shangazi yetu, aliyekwisha kujiandaa kwa vigelegele, akaweka mkono mdomoni. Kwangu, hapo ndipo safari ile ya Jumanne ilipoonekana thamani yake.

Tulimlipa shilingi 350,000 za Uganda pamoja na nauli, nusu kabla na nusu baada ya ibada. Kasoro zake ni mbili: utenzi wa kuingilia aliupiga polepole mno, kiasi kwamba waumini walimtangulia, na risiti ya malipo tuliipata baada ya kuiomba mara ya pili.

Anayemtafuta mpiga kinanda wa nje na azungumze kwanza na mchungaji, kwa sababu kanisa lenye mpiga kinanda wake linastahili kuombwa ruhusa, na sisi tulimpa wa kanisani bahasha yake ingawa siku hiyo hakupiga.